AMPLI YA LAMPE AO AMPLI YA TRANSISTORI: TUNUNUE GANI?



Kama munavyojua, kamati ya kwaya inakusanya makuta ya kununua ampli ya gitari. Maneno ni mengi katika uwanja. Wamoja wanasema: «Tutafute ile mukubwa ya lampe, kama ya waorkestra wa zamani.» Wengine wanasema: «Hapana, ile kidogo ya transistori inatosha.» Makuta haya yametoka kwa wazazi wanaolima kakao huku Beni na viazi huku Lubero. Mutu mwengine alitoa franga 500 tu, lakini alizitoa. Kwa hiyo tusichague kwa kupenda ukubwa. Tuchague kwa kujua. Mimi nasema mbele: kwa kazi yetu, ile kidogo ya transistori ndiyo inafaa. Sababu ni hizi.

1. AMPLI INAFANYA KAZI GANI?

Nyuzi za gitari ya umeme zikitikisika juu ya sumaku, zinazaa umeme mudogo sana, mara nyingi haufiki hata volti moja. Umeme huo hauwezi kusukuma bafle. Ampli inachukua nguvu kwenye prize ao kwenye betri, na inaipitisha kwa kufuata sawasawa mwendo wa ule umeme mudogo. Ni kama robine: kidole kinageuza tu, lakini maji mengi yanatoka kwenye tanki, si kwenye kidole.

Lampe ilikuwa robine ya kwanza. Lee de Forest wa Marekani aliifanya mwaka 1906. Ni chupa isiyokuwa na hewa. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto na kutoa elektroni, wavu unaozizuia ao kuzipitisha, na sahani ya chuma inayozipokea. Transistori ni robine ya pili. Ilipatikana mwaka 1947 katika maabara ya Bell, vilevile Marekani. Ni kipande kidogo tu, bila chupa, bila waya wa kuwaka.

2. TUSEME UKWELI JUU YA LAMPE

Wenye kusifu lampe hawasemi uongo. Ukisukuma ampli ya lampe kupita nguvu yake, sauti haivunjiki kwa mara moja. Inaanza kukwaruza pole pole, na sikio linapenda. Wapigaji wa bluzi na wa roki wanatafuta kabisa sauti hiyo. Ukisukuma transistori hivyo, sauti inakatwa kama kwa kisu.

Lakini sisi tunapiga nini? Katika kwaya, na katika rumba ya Kongo, gitari inapashwa kusikilika safi, kila nyuzi peke yake. Franco (1938–1989) na Docteur Nico (1939–1985) walianza wakati ampli za gitari zilikuwa za lampe, na hata hivyo sauti yao ni safi kama maji ya kisima. Usafi ulitoka kwanza kwenye vidole. Na kwa sauti safi, transistori haishindwi: tangu mwaka 1975 Roland ya Japani inafanya ampli ya transistori inayoitwa JC-120, na watu wa dunia yote wanaisifu kwa usafi wake tu.

3. SABABU INE ZA KUCHAGUA TRANSISTORI KIDOGO

a) Umeme. Butembo iliishi miaka mingi bila umeme wa serikali. Kila mwenye duka na grupu yake. Leo nyaya zimefika sehemu nyingine za muji, na huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kituo cha umeme wa maji kilianza kazi mwaka 2013. Lakini si kila parokia iko na prize. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, familia nyingi zilihama, na kwaya zinaenda kuimba pale watu wamekimbilia, hata kwenye kiwanja kitupu. Huko ampli ya lampe ni sanduku la bure. Roland Micro Cube GX inatembea na mawe 6 madogo ya radio. Cube Street EX iko na wati 50, na inatembea na mawe 8.

b) Uzito. Fender Twin Reverb ya lampe ina kilo karibu 29. Micro Cube GX haifiki kilo 3, na Cube Street EX ina kilo 7 na kidogo. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa zaidi ya 50. Ile ya kwanza inaomba gari. Hizi zingine mutoto anazipakata kwenye pikipiki. Lakini muangalie: transistori peke yake haileti wepesi. Ile JC-120 nayo inapita kilo 25. Ndiyo maana nasema transistori, tena kidogo.

c) Hatari. Ndani ya ampli ya lampe kuna volti 300, 400, hata zaidi. Kondansateri zake zinaweza kushika umeme huo hata kama umekwisha kuichomoa. Mutoto wa masomo akiifungua na turunavisi, anaweza kufa. Ile ya transistori inayochomekwa kwenye prize nayo isifunguliwe ovyo, lakini ile ya mawe haina hatari hiyo.

d) Vipuri. Lampe zinachoka. Twin Reverb iko na lampe 10, na viwanda vinavyozifanya leo ni vichache katika dunia yote. Lampe ikivunjika barabarani Kasindi, tutaingoja siku ngapi?

4. MUSIDANGANYWE NA WATI

Wati 100 hazisikiliki mara kumi kupita wati 10. Kwa sikio ni karibu mara mbili tu. Tena kwenye bafle nyingi za soko wameandika «PMPO 3000». Namba hiyo ni ya kupamba sanduku. Muulize wati za RMS. Ndizo za kweli.

5. SIKU YA KUNUNUA

– Muende na gitari yetu na kabo yetu.
– Musome nyuma: iandikwe volti 220 ao 240. Ampli iliyofanywa kwa Marekani ao Japani inaweza kuwa ya volti 120 ao 100. Ukiichomeka hapa, moshi.
– Mupandishe sauti bila kupiga: ikivuma sana, muiache.
– Mugeuze kila kitufe: kikikwaruza, muombe bei ishuke.
– Muiache iwake nusu saa. Ubovu mwingi unatokea ikipata joto.

6. KUITUNZA

Transistori haipendi umeme unaorukaruka. Washeni grupu kwanza, ngojeni itulie, ndipo muchomeke ampli. Kabla ya kuzima grupu, zimeni ampli. Tena musichomeke gitari ya bas ndani ya ampli kidogo ya solo. Bafle yake itapasuka. Na mvua ikilowesha sakafu, musipige miguu mitupu: ikiwa prize haina waya wa udongo, umeme unaweza kupita kwenye nyuzi na mikro.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Katika mufano wa robine, tanki ni nini? Kidole ni nini?
2. Sababu gani ampli ya lampe iliyochomolewa inaweza kuua?
3. Muuzaji anakuambia «wati 3000». Utamujibu namna gani?

Wenye majibu, ao wenye kunipinga, waje siku ya Ijumaa nyuma ya masomo, mbele kamati haijakaa kukata neno. Makuta ni yetu wote, basi na kufikiri kuwe kwetu wote.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho