Usimwage Kamba Hai Bwawani: Onyo kwa Wafugaji wa Samaki wa Busia na Tororo

Ofisi hii imepokea malalamiko ya wafugaji waliouziwa kamba hai wa kupandikiza mabwawani. Wengine wameambiwa wamwage chumvi majini ili kamba wazoee. Usinunue. Usimwage.

Kamba wa pwani huzaliwa baharini, penye chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Akiwa mchanga huingia kwenye milango ya mito kama Tana na Sabaki, ambako chumvi hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa. Huko huishi kwa kazi isiyokoma. Chumvi ikipungua nje, maji humpenya mwilini. Huyatoa kama mkojo kupitia tezi zilizo chini ya papasi, huku matamvua yakinasa chumvi kidogo iliyopo. Bwawani kwako haipo ya kumtosha. Hali huwa mbaya zaidi anapojivua gamba: mwili ni laini, maji yanamwingia, analala ubavu na kufa. Nayo chumvi unayomwaga, ikizidi, huua vijidudu wanavyokula vifaranga vya ngege.

Hiyo ni hasara yako. Tunachokihofia zaidi ni kamba asiyekufa.

Yupo kamba mwekundu mwenye magando, asili yake Marekani, aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Huyu matamvua yake hunasa chumvi hata katika maji baridi kabisa, na mkojo wake hautoi chumvi ila kidogo mno. Naivasha amelaumiwa kwa kumaliza mimea ya majini. Huchimba kingo, na hutambaa nchi kavu akitafuta maji mengine. Akitoroka hadi mto Malaba, njia yake ni Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Akiingia Sio, anafika Ziwa Victoria. Hakuna wavu utakaomrudisha.

Tunarudia: usimwage kamba hai bwawani, mtoni wala mferejini, hata mmoja. Kamba wa kukaushwa hawahusiki na onyo hili. Kuvusha viumbe hai vya majini kunahitaji kibali. Masharti yako katika ofisi za uvuvi za pande zote mbili za mpaka.

Maofisa wetu wanafanya kazi kubwa mpakani, lakini jerikeni moja ikipita njia ya panya, kazi hiyo yote ni bure. Ukiuziwa kamba hai, waache kwenye chombo chao, usimwage hata maji yake, na umwite ofisa wa uvuvi siku hiyohiyo.