Kava la pembeni la pikipiki limeachama? Angalia raba kabla hujakimbilia Kariakoo

Leo naongea na wale tunaouza pikipiki zilizotumika kwenye simu, hizi Boxer na TVS zinazotoka mikononi mwa madereva wa bodaboda. Injini nzima, tairi nzuri, kadi ipo, ila tangazo linakaa wiki mbili halina anayeuliza. Mara nyingi ukiitazama vizuri picha unakuta kava la pembeni limeachama chini ya siti.

Mteja yuko Mbagala, wewe uko Tegeta. Injini haisikii. Anachokiona ni huo mwanya wa kidole kimoja, na kichwani kwake tayari pikipiki imeanguka, imefunguliwa, imebadilishwa vitu. Atakutumia ujumbe: "Boss, hilo kava mbona limekaa upande?" Hapo bei imeshaanza kushuka hata hujajibu.

Sasa wengi wetu tunakimbilia kununua kava jipya. Mimi nasema subiri kwanza, maana kava lenyewe ndilo linalosingiziwa zaidi.

Geuza kava uone nyuma. Kuna pini za plastiki, mara nyingi mbili au tatu, zinazozama kwenye raba ndogo za duara zilizoshikwa na fremu. Halafu kuna bolti au kufuli la ufunguo. Zile raba ndizo zinazokufa mapema, kwa joto la injini, jua, na petroli inayomwagika wakati wa kujaza. Raba ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe, pini haizami mpaka mwisho, kava linabaki nje. Ikichanika, tundu linakuwa pana, kava linacheza na kudondoka barabarani. Ndiyo maana unakuta bodaboda kafunga kava kwa mpira wa tyubu.

Kwa hiyo toa siti kwanza, upate nafasi ya kuona. Kulitoa kava, weka vidole karibu kabisa na pini, vuta moja kwa moja kuja kwako, pini moja baada ya nyingine. Ukivuta kona ya mbali unaivunja pini, na hiyo ndiyo hasara ya kweli. Raba mbovu ibadilishe. Nenda na ya zamani mkononi dukani, ulinganishe tundu na unene, usiseme tu jina la pikipiki. Wakati wa kurudisha, paka raba maji ya sabuni kidogo, lenga pini, sukuma kwa kiganja juu ya pini yenyewe. Usipake grisi wala oili, zinaifanya raba ivimbe na kulegea.

Raba ni nzima na kava bado limetoka nje? Angalia kilichojazwa nyuma yake. Pikipiki zetu hizi zina mambo! Waya za alamu, waya za redio, waya za taa za urembo, zote zimesokotwa na kusukumiwa pale kwenye betri. Wakati mwingine betri yenyewe si ya saizi yake. Zipange waya zifuate fremu, zifunge, halafu jaribu tena kava. Na usilisukume kwa nguvu juu ya waya, maana ikichubuka ikagusa fremu unaleta shoti.

Kuna suala la bolti pia. Usikaze moja mpaka mwisho wakati nyingine haijaingia. Zianze zote kwa mkono, mizunguko miwili mitatu, kaa nyuma ya pikipiki uangalie kama mwanya uko sawa juu na chini, ndipo ukaze taratibu. Tundu likiwa refu kidogo, limewekwa hivyo makusudi ili uweze kusogeza. Kama kuna kibushi cha chuma ndani ya raba, usikitupe. Bila hicho, bolti inaibana raba na kulipasua plastiki.

Pini iliyovunjika inaungika, lakini soma nyuma ya kava kwanza, mara nyingi wameandika aina ya plastiki. Ukiona ABS, supagluu inashika, na ukinyunyizia magadi ya kuokea juu ya gluu inakauka ngumu. Ukiona PP, usipoteze hela yako, gluu hiyo itabanduka. Hiyo mpelekee fundi anayeyeyusha plastiki kwa moto na kuzamisha kipande cha waya wa nyavu ndani.

Kilichobaki ndicho kizito. Raba nzima, pini nzima, waya zimepangwa, kava bado halikai. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, chukua futi, pima kishikio cha kushoto na cha kulia kutoka sehemu ileile ya fremu. Kikiwa kimepinda chenyewe tu, fundi anakinyoosha. Lakini kama siti nayo iko upande na taa ya nyuma haiangalii katikati, hiyo ni fremu ya nyuma imepinda. Hapo kava lilikuwa linakwambia ukweli.

Niliwahi kuletewa ya namna hiyo na dereva mmoja wa Tandika, anataka nimuuzie haraka. Akaniambia, "Kaka, toboa tu tundu lingine, kava litakaa." Kweli lingekaa, na picha ingetoka safi. Sikutoboa. Anayeinunua anaenda kupakia abiria na mizigo juu ya fremu ile. Tuliandika kwenye tangazo kwamba fremu ya nyuma imepinda, tukapunguza bei, ikachukuliwa na fundi aliyejua anachonunua. Yule dereva alinung'unika kuhusu bei. Yule fundi ameshaniletea wateja wawili.

Ukimaliza kurekebisha, piga picha asubuhi au jioni, upande wa kushoto na wa kulia, simu ikiwa usawa wa siti. Piga na moja kava likiwa limetolewa, betri na waya zionekane. Kwenye maelezo andika hivi: "Raba za kava zimebadilishwa, pini moja ya kulia imeungwa, fremu imepimwa iko sawa. Njoo na fundi wako."