Udugu wa Haja na Udugu wa Haki



Katika darasa hili twataka kuutazama umoja unaohubiriwa huko Bara Hindi, kisha tujitazame nafsi zetu.

Chini ya matabaka yote ya Wahindu waliwekwa watu walioitwa wasioguswa, ambao leo wajiita Dalit, yaani waliopondwa. Wao ndio waliofagia vyoo na kuchuna mizoga, nao wakazuiliwa visima na mahekalu. Mwaka 1927 Bwana B. R. Ambedkar, mzaliwa wa tabaka hilo, aliwaongoza wenziwe mjini Mahad wakanywe maji ya birika la mji. Walipigwa, kisha wakubwa wakalitia birika mavi na mkojo wa ng'ombe, ati kulitakasa! Mnyama akawa safi kuliko mwanadamu.

Zama hizo hizo V. D. Savarkar alitoa kitabu chake juu ya Hindutva, mwaka 1923, na kundi la RSS likaundwa Nagpur mwaka 1925. Wito wao ni kwamba Wahindu wote ni taifa moja. Insafu yatulazimu tuseme kuwa Savarkar alipinga kutengwa kwa wasioguswa, na kwamba mwaka 1989 Dalit ndiye aliyetangulizwa kuweka jiwe la msingi la hekalu la Ayodhya, karibu na Msikiti wa Babri, uliokuja kubomolewa mwaka 1992.

Lakini udugu hupimwa kwa haki, haupimwi kwa haja. Mwaka 1981, mamia ya Dalit wa kijiji cha Meenakshipuram waliposilimu, wenye wito huo walipiga ukelele nchi nzima. Mtu aliyekataliwa maji amekuwa ndugu siku ya kuhesabiwa, na siku ya kuposa huulizwa tabaka lake.

Ambedkar hakuukubali udugu wa namna hiyo. Mwaka 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na malaki ya watu. Na hapa ndipo penye somo letu. Katika kitabu chake juu ya Pakistan aliandika kuwa Waislamu wa Bara Hindi nao wana matabaka yao. Nasi hatuwezi kumkadhibisha, kwani huko wako waitwao Ashraf na waitwao Arzal, yaani watu duni.

Je, sisi wa pwani tumesalimika? Utumwa ulifutwa hapa mwaka 1907, lakini posa ikija bado husikika mnong'ono: "Babu yake alikuwa mtumwa wa nani?" Twasimama safu moja msikitini, bega kwa bega, kisha twatengana mlangoni. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa mbora wetu ni mcha Mungu zaidi. Basi kumcheka Baniani kwa matabaka yake, nasi twahesabu mababu, ni kujicheka wenyewe.

Yapasa kila mzazi ajiulize hayo kabla ya kumrudisha mposaji mwenye dini na tabia njema. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.