Usaili kwa Njia ya Simu: Maandalizi ya Mteknolojia wa Maabara Anayehudumia Wagonjwa

Kwa miaka mingi, mkazi wa Sengerema aliyeitwa kwenye usaili jijini Mwanza alihesabu kwanza saa za kusubiri kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza adha hiyo. Hata hivyo, wapo waajiri wanaowachuja waombaji kwa simu kabla ya kuwaita ana kwa ana. Kwa mteknolojia anayeomba kazi ya kupokea wagonjwa na kuchukua sampuli, mazungumzo hayo ni mtihani wa haki kuliko unavyodhaniwa: msaili hauoni uso wake wala vyeti vyake, anaisikia tu sauti ambayo mgonjwa naye ataisikia.

Ndiyo maana kukariri majina ya mashine hakutoshi. Msaili anaweza kuuliza hivi: mvuvi kutoka kisiwa cha Kome ameagizwa kipimo cha choo, anaona aibu na anataka kuondoka, utamwambia nini? Jibu la “nitampa elimu” halisemi lolote. Msailiwa aliyejiandaa huyatamka maneno yenyewe: “Shikamoo baba. Kipimo hiki kinatafuta mayai ya kichocho, ugonjwa unaotusumbua sana sisi wa kandokando ya ziwa. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Kikopo kina mfuniko, na utanikabidhi mimi mwenyewe.” Kisha humweleza msaili kwamba mayai hayo hayatoki kwa wingi ule ule kila siku, hivyo sampuli moja isiyoonyesha kitu haitoshi kumhakikishia mgonjwa kuwa yu salama.

Swali jingine ni gumu zaidi. Mashine ya kuhesabu chembe za damu imesimama, na mama aliyekaa tangu asubuhi analalamika; amempakata mtoto mwenye viganja vilivyopauka. Wasailiwa wengi huvutwa kujibu kwamba watamtuliza mama na kumwahidi majibu “sasa hivi”. Hilo ni kosa, na katika eneo lenye malaria laweza kugharimu maisha, kwa kuwa mtoto huyo huenda anahitaji kuongezewa damu. Jibu linalofaa huanza na mtoto: kumjulisha tabibu mara moja na kupima wingi wa damu kwa kifaa kidogo cha mkononi kama kipo. Mama huambiwa ukweli kuhusu mashine. Kumtuliza huja baadaye, na mara nyingi ukweli wenyewe humtuliza.

Mazoezi bora hayafanywi na wanafunzi wenzake. Amwombe mama, shangazi au jirani aliyewahi kukaa kwenye benchi la maabara ampigie simu kutoka chumba kingine, kisha arudie alichokielewa. Asipoweza kurudia, maelezo ndiyo yenye kasoro. Mifano ya kazini isitaje jina la mgonjwa wala kijiji chake. Msaili makini husikiliza pia jinsi siri inavyotunzwa.

Mengine ni madogo ila huangusha watu: simu isiyo na chaji, kelele za bodaboda, mvua juu ya bati. Barua ya maombi na cheti cha usajili viwe mezani. Kimya cha kufikiri husikika kama mtandao umekatika, heri kusema, “Naomba nifikirie kidogo.” Asichokijua akikiri. Na anayedai fedha ili “kukamilisha usaili” ni tapeli, hata akiwa na sauti tamu kiasi gani.

Mwishoni msaili huuliza kama kuna swali. Kunyamaza hapo ni kupoteza nafasi. Msailiwa aulize ni nani humsimamia mteknolojia wa zamu ya usiku, na wagonjwa huelezwa nini vitendanishi vinapokwisha.