Mikopo Hewa Haijui Mbalamwezi

Faili zilikuwa safi mno. Vikundi vya akina mama wa dagaa, Kibirizi na Katonga mjini Kigoma, picha zimebandikwa, barua ya serikali ya mtaa imo, muhuri umo, marejesho yanaingia tarehe ileile kila mwezi. Meneja wa tawi la taasisi ya mikopo, ambayo siitaji, alinikaribisha chai mimi mkaguzi na kujisifu kwamba tawi lake halina mikopo chechefu.

Mambo ya kawaida kila mkaguzi wa ndani anayajua: hesabu fedha za keshia bila kumtaarifu, linganisha sahihi, mlazimishe afisa mikopo aende likizo ili mwingine akalie kiti chake. Fanya hayo, tuendelee.

Lakini karatasi peke yake haishtaki mtu wala haimsafishi, kwani hughushiwa. Katika akaunti ya malipo ya madeni ya nje (EPA) ya Benki Kuu ya Tanzania, mwaka wa fedha 2005/06, kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133. Ernst & Young walipokagua walikuta kampuni 13 kati ya hizo zimelipwa zaidi ya bilioni 90 kwa nyaraka batili na za kughushi. Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa.

Ndiyo maana mimi, nikikagua Kigoma, huanzia ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, vichanja vinabaki vitupu na hela inakauka. Isitoshe, serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Mkopaji wa kweli anaonekana kwenye leja ya miezi hiyo: analipa nusu, anachelewa, anaomba asogezewe tarehe.

Basi nikaweka marejesho kando ya kalenda ya mbalamwezi na ya kufungwa kwa uvuvi. Vikundi vingi viliyumba Juni. Vichache havikutikisika kabisa: fedha taslimu ziliingia kwa mfululizo, dakika chache zikipishana, kwa keshia yuleyule. Na kabla ya kila rejesho kulikuwa na mkopo mpya uliotoka. Mkopo mpya unalipa wa zamani, kinachobaki kina mwenyewe.

Hatua iliyofuata ingekuwa mahojiano rasmi, lakini nilipanda bodaboda hadi Katonga na picha ya mwenyekiti wa kikundi kimoja. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa aliitazama, akacheka. “Huyu? Mwanangu, huyu kaolewa Kasulu zamani. Dagaa hata kuanika hajui.”

Programu ya ukaguzi, ile ambayo wauzaji wake huapa kwamba inanusa wizi yenyewe, ilikuwa imevipa vikundi hivyo alama ya kijani. Kulipa kwa wakati, basi umefaulu! Wakubwa mnaosaini manunuzi ya programu hizo, mtengeeni mkaguzi nauli ya bodaboda kwanza.