SOMO LA MWEZI: Intaneti Nafuu Nyumbani

Mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na intaneti ya kasi ikapata njia ya kufika Nairobi. Leo faiba imeingia katika mitaa mingi ya Eastlands. Hata hivyo, familia nyingi bado hununua bando za kila siku, kwa kuwa mapato nayo huja kwa siku. Bando ikiisha mwanafunzi akiwa katikati ya fomu ya HELB au KUCCPS, huenda akapitwa na tarehe ya mwisho.

Lengo: Mkazi aweze kulinganisha gharama na kuchagua huduma inayomfaa. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu.

1. Piga hesabu ya mwezi mzima
Chukua familia ya Umoja ambamo watu wawili hununua bando ya sh50 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni sh100 kwa siku, au sh3,000 kwa siku 30. WiFi ya nyumbani ya sh2,000 kwa mwezi ingewaokolea sh1,000. Lakini mpangaji wa Kayole anayeishi peke yake na kutumia sh30 kwa siku hulipa sh900 pekee. Huyo abaki na bando.

2. Weka akiba kila siku
Kikwazo kikubwa ni kupata sh2,000 kwa mkupuo. Familia ikitenga sh67 kila siku, mwezi ukiisha itakuwa na sh2,010.

3. Uliza kabla ya kulipa
- Kuunganishwa ni pesa ngapi?
- Rauta ni ya mteja au ya kampuni?
- Ofa ikiisha, bei itakuwa ngapi?
- Je, mtoa huduma ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA)? Swali hili linamhusu pia anayeuza WiFi ya tokeni kwenye ploti.

Huduma ikiwa mbovu, lalamika kwanza kwa mtoa huduma na uhifadhi ujumbe wake. Asipotatua, peleka malalamiko CA.

4. Punguza matumizi
Zima video zinazojicheza zenyewe. Tazama video kwa ubora wa 480p badala ya 1080p. Weka simu isasishe programu ikiwa kwenye WiFi pekee.

5. Jilinde
Weka nywila ngumu kwenye rauta. Usiandike PIN ya M-Pesa kwenye ukurasa wowote wa kuingilia WiFi.

Zoezi: Kwa siku saba, kila mtu nyumbani aandike pesa anazotumia kwa bando. Jumlisha, gawanya kwa 7, kisha zidisha kwa 30. Linganisha jibu na bei ya WiFi inayopatikana mtaani kwenu, kisha amueni pamoja.