Stima ikipotea, UPS yako itakuambia nini?

SOMO LA TOLEO HILI: Kufuatilia umeme wa akiba kupitia mtandao wa nyumbani

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima na kuchukua saa nyingi kurejea. Hata katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria walijikuta gizani baada ya jenereta ya dharura kukataa kuwaka. Giza kama hilo lilirudi Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Funzo lake linatuhusu hata sisi wa Malindi, Watamu na Kilifi mjini: kuwa na umeme wa akiba ni jambo moja, kujua kwamba utafanya kazi siku ya haja ni jambo jingine.

Nyumba, maduka na ofisi nyingi sasa zina UPS, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoshika kompyuta stima inapokatika. Wengi wetu hukinunua, tukakisukuma chini ya meza, tukakisahau mpaka siku kinapolia. Somo hili linaeleza jinsi ya kukifanya kitoe taarifa kwenye simu au kompyuta yako.

Kwa nini ufuatilie?

Chukua mfano huu. Mama anaishi Barani, Malindi, na anatumia insulini inayowekwa kwenye friji. Binti yake anafanya kazi Kilifi mjini. Stima inapotea saa nane mchana na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku hiyo mama ameshinda matangani Magarini. Binti anafika nyumbani saa moja: taa zinawaka, friji inanguruma. Hakuna ajuaye kwamba dawa imekaa saa nne na nusu bila ubaridi.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji isiyofunguliwa mlango hushika ubaridi kwa takriban saa nne. Kwa hivyo, anayejua saa stima ilipopotea na saa iliporudi ana jambo la kumwambia mfamasia. Asiyejua atabahatisha.

UPS yenyewe haifai kuendesha friji, kwa kuwa mota ya friji huvuta umeme mwingi inapoanza. Lakini inaweza kuwa shahidi.

Jinsi inavyofanya kazi

UPS nyingi zina tundu la waya wa USB. Unganisha waya huo na kompyuta, kisha uweke programu ya kusoma hali ya betri. Watengenezaji wengi hutoa programu yao. Ipo pia ya bure iitwayo Network UPS Tools, inayokubali UPS za kampuni nyingi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inatosha, na hula wati chache tu. Kompyuta hiyo huisoma UPS, kisha hugawa taarifa kwa vifaa vingine vya nyumbani kupitia rauta. Wenye inveta ya sola wanaweza kupata huduma kama hiyo iwapo inveta yao ina kifaa cha waifai.

Katika Network UPS Tools utakutana na alama hizi nne:

OL – umeme wa kawaida upo.
OB – umeme umepotea, betri ndiyo inayofanya kazi.
LB – betri inakaribia kuisha. Kompyuta izimwe sasa, kwa utaratibu.
RB – betri imechoka, inahitaji kubadilishwa.

Utaona pia kiwango cha chaji kwa asilimia, mzigo uliounganishwa, na kwa UPS nyingi, volti zinazoingia. Kiwango cha kawaida nchini ni volti 240. Ukiona zinashuka sana kila jioni, andika tarehe na saa, kisha uripoti kwa Kenya Power kupitia 97771. Malalamiko yenye kumbukumbu huwa na uzito zaidi.

Kosa linalofanywa na wengi

Watu huunganisha kompyuta na televisheni kwenye UPS, wakaiacha rauta kwenye soketi ya ukutani. Stima inapopotea, rauta inazimika, na taarifa haina njia ya kupita. Mlinzi amefungiwa ndani. Rauta na kifaa cha faiba ndivyo viwe vya kwanza kuunganishwa na UPS.

Piga hesabu. Betri ya kawaida ya UPS ndogo ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: 12 × 7 = wati-saa 84. Kwa kuwa UPS yenyewe hula umeme na betri haifai kukaushwa kabisa, hesabu nusu, yaani 42. Rauta na kifaa cha faiba vikitumia wati 20 kwa pamoja, utapata takriban saa mbili. Ongeza televisheni ya wati 80 na jumla inakuwa wati 100: muda unashuka hadi dakika 25 hivi.

Kumbuka pia kwamba mitambo ya kampuni ya intaneti inaweza kukosa stima pamoja nawe. Basi panga ripoti itumwe mara kwa mara, tuseme kila robo saa, na ikikosekana huduma inayoipokea nje ya nyumba ikuarifu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ripoti isipofika, mpigie simu jirani.

Hatua za kufuata

1. Unganisha rauta na kifaa cha faiba kwenye UPS kwanza.
2. Unganisha waya wa USB, weka programu, na uhakikishe unaiona alama ya OL.
3. Weka onyo la OB lije kwenye simu, na amri ya kuzima kompyuta ifikapo LB.
4. Badilisha nenosiri lililokuja na kifaa. Usifungue programu hii kwa intaneti yote. Iache ndani ya mtandao wa nyumbani. Wenye nyumba za wageni, kama zile za Watamu, wawape wageni waifai yao pekee.
5. Jaribu mara moja kwa mwezi: zima swichi ya soketi ukutani kwa dakika tano. Usichomoe plagi, ili waya wa ardhi ubaki umeunganishwa. Andika chaji imeshuka kwa asilimia ngapi.

Joto na chumvi ya pwani

Betri hizi za risasi hupimwa kwa joto la nyuzi 25. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 8 hadi 10, maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Vyumba vyetu hupita nyuzi 30 kwa urahisi msimu wa kaskazi. Usiweke UPS juu ya friji, kwenye jua, wala kwenye dirisha linaloelekea baharini. Betri iliyovimba iondolewe mara moja. Usiitupe shimoni wala kuichoma, kwa maana ina risasi na asidi. Irudishe kwa muuzaji au kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Onyo kwa wanaouguza nyumbani

Mashine ya oksijeni ya nyumbani huweza kula wati 300 na zaidi. UPS ndogo itaishika kwa dakika chache tu. Mgonjwa wa oksijeni awe na mtungi uliojaa, na familia ikubaliane mapema na hospitali kuhusu hatua za kuchukua. Kazi yoyote ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Zoezi la wiki hii

Tafuta UPS yako ilipo na usome tarehe ya betri. Zima swichi ya ukutani, kisha uangalie simu: je, waifai bado ipo? Ikiwa imepotea, umepata kazi ya kwanza ya kufanya jioni ya leo.